Tokeni hazikai msimu huu wa baridi: tuongee maji moto na joto la nyumba (uzi)

Mpangaji_Kiamunyi

Habari za jioni wadau wa Nakuru na majirani wote. Tangu Juni iingie tokeni za stima kwangu hazikai. Tuko watu watano: mimi, mama watoto, watoto wawili wa shule na shemeji anayesoma Egerton. Vyombo ni vilevile vya mwaka mzima, friji ndogo, TV, taa, pasi ya Jumapili jioni. Kilichobadilika ni bafu. Mwezi wa pili hakuna anayekumbuka kama kuna swichi ya shawa. Sasa mtu akiingia huko hatoki mpaka agongewe mlango.

Shawa yenyewe ni zile za kuchemsha papo kwa papo, imeandikwa wati 5,500. Ushauri nimepewa mpaka nimechoka. Jirani anasema ninunue koili ya kutumbukiza kwenye ndoo. Baba mkwe anasema gesi. Fundi aliyekuja kuziba sinki anasema niweke hita ya tangi la lita 100, "ile ndiyo ya watu". Landilodi ukimtajia sola anabadilisha mazungumzo.

Jambo la pili ni nyumba. Sebuleni kuna dari, vyumba vya kulala juu ni mabati tu. Saa kumi za alfajiri mtu anaamka pua ni baridi. Mama watoto anataka tununue hita ya umeme ya kuota. Naomba hesabu, maoni ninayo ya kutosha.

Jakisumo

Hesabu ni rahisi: panda matatu, shuka Kondele, Kisumu. Huku tunalala bila blanketi na tokeni zinatosha mwezi.

Fundi_Waya_Nax

Jakisumo tutakurudia, na wewe una vya kujibu kuhusu kuchemsha maji.

Mpangaji, sikiliza. Kupandisha joto la lita moja ya maji kwa nyuzi moja ya Selsiasi kunahitaji wati-saa 1.16. Hiyo haijali umenunua kifaa gani wala umekinunua wapi. Maji ya tangi la juu hapa Nakuru asubuhi ya Julai tuseme yako nyuzi 16, na ya kuoga vizuri ni 40. Tofauti ni 24. Kwa hiyo kila lita moja inakula wati-saa 28 hivi. Ishike hiyo 28, itakusaidia kwa kila atakayekuja kukuuzia kitu.

Shawa yako ya wati 5,500 ukiigawa kwa 28 inakupa lita 196 kwa saa, yaani lita tatu na kitu kwa dakika. Mtu akikaa dakika kumi ametumia lita 33 na uniti 0.92 (uniti moja ni wati-saa 1,000). Watu watano, uniti 4.6 kwa siku. Mwezi, 138. Sasa mtu huyohuyo akioga dakika tano, mwezi ni 69. Na akiogea beseni la lita 15, ni 0.42 kwa mtu, mwezi 63.

Umeona kwamba shawa ya dakika tano na beseni ni karibu sawa? Ndiyo maana nacheka mtu akisema shawa za papo kwa papo "zinakula stima". Kile kifaa karibu stima yote kinaitia kwenye maji, hakipotezi. Kinachokula ni maji mengi. Koili ya jirani yako nayo ni hesabu hiyohiyo ya 28 kwa lita, ila yeye anachemsha ndoo nzima mpaka itokote halafu anaiacha ipoe akitafuta taulo.

Lakini kuna kitu watu hawakiangalii. Tangu bei za Aprili 2023, wateja wa nyumbani wamegawanywa mafungu matatu: wa hadi uniti 30 kwa mwezi, wa 30 hadi 100, na wa zaidi ya 100. Fungu lako linapangwa kwa wastani wa miezi mitatu. Sasa wewe na hizo 138 za bafu peke yake, Juni, Julai na Agosti zinakuburuta hadi fungu la juu, na hutatoka siku jua likirudi. Septemba unanunua tokeni ukioga maji baridi na bado unalipa bei ya baridi.

Hita ya tangi sitasema mengi. Lita 100 kutoka nyuzi 16 hadi 60 ni uniti 5 na kidogo. Halafu likikaa limewashwa kutwa kucha, uniti moja na nusu hadi mbili kwa siku zinapotelea hewani hata kama hakuna aliyeoga. Ni nzuri kwa nyumba yenye mabafu mengi na watu wanaooga pamoja asubuhi. Kwenu hapana.

Mpangaji_Kiamunyi

Fundi asante, hiyo ya fungu sikuijua kabisa. Kuna kingine: jioni saa moja na nusu hivi shawa inatoa maji ya uvuguvugu tu. Nimeambiwa elementi imekufa.

Fundi_Waya_Nax

Asubuhi inatoa moto?

Mpangaji_Kiamunyi

Asubuhi sana, saa kumi na moja, inachoma.

Fundi_Waya_Nax

Basi elementi haijafa, usinunue. Ni volti. Jioni kila nyumba imewasha, na stima kwenye laini yenu inashuka. Nguvu ya elementi inashuka kwa mraba wa volti: laini ikitoka 240 hadi 200, ile shawa ya 5,500 inakuwa ya 3,800 hivi. Kwa nguvu hiyo inaweza kuchemsha lita mbili na robo tu kwa dakika, na wewe umefungua bomba lilelile la lita tatu. Punguza maji kidogo kidogo kwa kufunga vali mpaka joto lirudi. Usifunge sana, kwa sababu kile kiwambo cha ndani kinahitaji mkandamizo wa maji ndiyo kiwashe. Tangi likiwa chini sana juu ya bafu utasikia kinawaka na kuzima, tak, tak, tak. Hiyo ndiyo inaua elementi mapema.

Ukisikia harufu ya plastiki kuungua, au swichi ya shawa ina moto ukiigusa, zima na uite mtu. Shawa ya 5,500 inavuta ampea 23. Inataka kebo yake yenyewe kutoka kwenye boksi, ya milimita 4 za mraba kwa uchache, 6 kama ni mbali, na breka yake. Nimefungua kuta hapa mjini nikakuta imeunganishwa kwa waya wa soketi wa 2.5.

Nyakio_wa_Lanet

Na gesi je? Mimi nachemsha maji ya watoto kwa meko, naona ni bei rahisi kuliko stima.

Fundi_Waya_Nax

Inategemea sufuria, dada. Mtungi wa kilo 13 una nishati ya kama uniti 166. Juu ya jiko la kawaida karibu nusu ndiyo inaingia kwenye maji, ile nyingine inapanda pembeni na kupasha ukuta. Kwa hiyo unapata 83. Ukiununua kwa 3,000, kila uniti iliyoingia kwenye maji ni shilingi 36. Birika la stima linaingiza sehemu tisa kati ya kumi. Ukinunua stima kwa 28, ni 31 hivi. Badilisha bei uweke unazolipa wewe, utaona ziko karibu sana. Ukiweka kifuniko na sufuria pana, na moto usipite kingo za sufuria, gesi inajitetea. Ukiacha wazi na moto unalamba mishikio, umeshindwa.

Hita ya gesi ya kuoga ya papo kwa papo ni bora zaidi, inaingiza hata 85 kwa mia. Ila iwe NJE ya bafu, au iwe na bomba la kutoa moshi linalofika nje. Ndani ya bafu dogo lililofungwa dirisha, mtu anaanguka akiwa na sabuni machoni. Mama wa Molo yuko hapa, ataongezea.

Mama_Tea_Molo

Niko, nilikuwa nakamua.

Ninyi wa Nakuru mnalalamika baridi na mko mita 1,850! Huku tuko kama 2,500, asubuhi kuna umande mweupe shambani na ng'ombe wanatoa moshi puani. Kwa hiyo naomba nisikilizwe kuhusu joto la nyumba kwa sababu ndiyo maisha yetu.

La kwanza, na sitalisema kwa upole. Jiko la makaa halilali na watu. Kila msimu wa baridi tunazika. Watu wanafikiri hatari ni moshi, kwa hiyo wanaliwashia nje, linawaka mpaka makaa yote ni mekundu, hakuna moshi hata kidogo, halafu wanaliingiza chumbani na kufunga mlango na kuziba mwanya wa chini kwa leso. Hapo ndipo baya lilipo. Makaa mekundu yanatoa kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi. Kichwa kinauma, unasikia kizunguzungu na kichefuchefu, halafu usingizi mzito. Usingizi huo ndio wenyewe. Ukiamka na kichwa kinauma na aliye kando yako pia kinamuuma, msizungumze, tokeni nje kwanza kwenye hewa, ndipo mtafute hospitali. Na usiniambie umeacha dirisha wazi kidogo. Kidogo ni kiasi gani? Lipeleke nje kabla ya kulala, basi.

Sasa joto. Usianze kwa kutengeneza joto, anza kwa kulizuia lisitoke. Mpangaji umesema vyumba vya kulala juu ni mabati tu. Hapo ndipo hela yako inapotoka. Joto la watu wawili waliolala linapanda, linagusa bati, na bati usiku usio na mawingu linakuwa baridi kuliko hata hewa ya nje, ndiyo maana asubuhi linadondosha matone kitandani. Huku kwetu wasio na pesa ya dari wanatandaza magunia yaliyoshonwa pamoja, safi, kwenye mbao za juu, au maboksi yaliyobandikwa. Si mapambo, lakini unalala. Bodi za dari ni bora, jipsamu pia. Ongea na landilodi umkate kwenye kodi. Hiyo inabaki kwenye nyumba yake, anaweza kukubali kuliko sola.

Pazia zito ndani ya dirisha, lifungwe saa kumi na mbili kabla baridi haijaingia, si saa tatu ukikumbuka. Mwanya wa chini ya mlango wa nje, nguo iliyokunjwa na kushonwa mchanga ndani. Ila jikoni penye moto usizibe, pale panahitaji hewa.

Kuhusu hita ya kuota, fundi afanye hesabu, mimi najua mume wangu alizuiwa.

Fundi_Waya_Nax

Hita ya wati 2,000, saa nne kila jioni, ni uniti 8. Kwa 28 ni shilingi 224 kila usiku. Chini ya mabati bila dari, unaipashia anga ya kreta ya Menengai.

Mama_Tea_Molo

Basi. Badala yake pasha kitanda, usipashe chumba. Chupa ya mpira ya lita mbili, maji ya nyuzi 85 si ya kutokota, toa hewa kabla ya kufunga, ifunge kwa taulo, iweke miguuni nusu saa kabla ya kulala. Fundi?

Fundi_Waya_Nax

Wati-saa 160 kuichemsha. Uniti moja inajaza sita. Hita yako ya jioni moja ingejaza karibu hamsini.

Mama_Tea_Molo

Mtoto mdogo atolewe chupa kabla hajalala, ngozi yake ni laini. Na chupa iliyopasuka shingoni itupwe, si ya kubandika.

Mwalimu_Bahati

Naomba niingize neno kuhusu kuchemsha maji ya kunywa, kwa sababu watu wengi hapa wanachoma gesi bila faida. Maji mengi ya visima vya Nakuru na Bonde la Ufa yana floridi nyingi. Mpaka wa Shirika la Afya Duniani (WHO) ni miligramu 1.5 kwa lita. Ndiyo hayo meno ya kahawia tunayoyaona darasani. Kuna wazazi wanaochemsha maji muda mrefu wakiamini floridi inatoka. Haitoki. Maji yanapungua kwa mvuke, floridi inabaki, kwa hiyo kilichobaki kina floridi zaidi ya mwanzo. Inayosaidia ni chujio la makaa ya mifupa, ambalo Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru imelifanyia kazi kwa miaka mingi, au maji ya mvua mkiyakinga vizuri.

Kuchemsha kunaua vijidudu, na kwa hilo hakuhitaji dakika kumi. Maji yakianza kububujika sawasawa, dakika moja inatosha. Juu ya mita 2,000, yaani Molo na Timboroa, yaachwe dakika tatu, kwa sababu huko yanatokota kwa nyuzi 92 hivi. Hapa kwetu ni 94. Kisumu 96. Baada ya hapo ni gesi inayopotea.

Jakisumo

Sasa nijibu kwa heshima. Kweli Kisumu hatuna hita ya kuota, ila tuna kipindupindu, na nyumba za Nyalenda na Manyatta zinachemsha maji ya kunywa kila siku kwa makaa. Hiyo ndiyo tokeni yetu. Mama mzazi anaweka sufuria kubwa bila kifuniko, inachemka mpaka chumba chote ni mvuke, halafu anaacha jiko liendelee kuwaka bure. Tulimshawishi atie kwenye thamosi ya chai ile sehemu ya asubuhi, na maji mengine ya kunywa atie dawa ya klorini badala ya moto. Upande wa Busia walikuwa wanaweka vile vifaa vya klorini kando ya visima, unafungua kidogo kwenye mtungi ukishachota. Ladha inakera siku za kwanza.

Maji ya kuoga ndiyo sielewi mnavyoteseka. Tangi jeusi juu ya mabati, saa tisa mchana maji yanatoka bombani yakiwa vuguvugu yenyewe. Watoto wanaoga saa kumi jioni kabla ya kuingia ndani. Hakuna aliyewahi kuniambia lazima mtoto aoge saa moja usiku.

Nyakio_wa_Lanet

Hiyo ya saa kumi jioni ni ukweli hata hapa Nakuru. Julai mchana jua linapiga vizuri, ni asubuhi na usiku ndipo kuna shida. Mimi naweka madebe mawili meusi yenye vifuniko juani kuanzia saa tatu, jioni naongeza birika moja tu.

Mpangaji_Kiamunyi

Na sola kamili ya juu ya nyumba? Nikimpata landilodi siku ana furaha.

Fundi_Waya_Nax

Nzuri sana kwa Nakuru, lakini nikwambie mambo ambayo wauzaji hawayasemi.

Tangi linakaa juu ya paneli kwa sababu maji moto yanapanda yenyewe, hakuna pampu. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo wengi wanaelekeza popote paa linapoangalia. Lakini Juni na Julai jua liko kaskazini, na ndiyo miezi unayotaka maji moto. Ielekezwe kaskazini.

Zile za mirija ya kioo zinafanya kazi vizuri hata kukiwa na mawingu na baridi, kuliko bapa za bati na kioo. Adui wao ni mgao wa maji. Maji yakikatika siku mbili, mirija inabaki mitupu juani, inachomeka, halafu saa saba mchana maji yanarudi na kuingia baridi. Kioo kinapasuka. Nimewahi kubadilisha nyingi sana kwa sababu hiyo tu. Kama mtaa wenu una mgao, lazima tangi la akiba la maji baridi liwe juu ya sola, na mkianza kujaza mjaze alfajiri.

Tatu, bomba. Sola ikiwa upande ule na bafu upande huu, mita 15 za bomba la nusu inchi zinabeba lita mbili hadi tatu zilizopoa. Kila mtu anayefungua anazimwaga zote kabla moto haujafika. Zikingwe kwenye ndoo za kufulia, na bomba la moto livalishwe ile sifongo nyeusi, hasa linapopita nje ya ukuta. Bila hiyo utakuwa na maji moto kwenye paa na maji vuguvugu bafuni.

Kijana_wa_Eburru

Kwetu Eburru wazee wanakinga mvuke unaotoka ardhini, unapoa kwenye mabomba, wanapata maji ya kunywa. Hatujawahi kununua hita. Na pale Menengai wamewahi kuonyesha jinsi joto la ardhini linavyoweza kuchemshia maziwa na kupasha nyumba ya kukuzia mimea. Nyie mko juu ya moto na mnanunua tokeni.

Mama_Tea_Molo

Leta bomba hadi Molo kijana, tutakulisha.

Mpangaji_Kiamunyi

Nimesoma yote na mama watoto. Hita ya kuota imefutwa. Watoto wataoga saa kumi na moja jioni wakitoka shule, wengine dakika tano, na shemeji ameambiwa. Dari nitaongea na landilodi mwisho wa mwezi nikipeleka kodi. Fundi, swali la mwisho: swichi ya shawa kwetu iko ndani ya bafu, karibu na mlango, na ukiigusa mkono ukiwa na maji kuna siku inatekenya.

Fundi_Waya_Nax

Hapo acha mengine yote. Zima breka ya shawa kwenye boksi sasa hivi na mtu asiiwashe. Swichi inatakiwa iwe nje ya bafu, ikate nyaya zote mbili, na waya wa ardhi ufike hadi kwenye shawa yenyewe. Kutekenya maana yake stima inavuja, na huenda waya wa ardhi haupo au umekatika. Nitumie ujumbe, kesho niko Kiamunyi mchana.

Mpangaji_Kiamunyi

Nimezima. Leo tunaogea beseni.